Vipimo vya Suruali Nyuma ya Cheti cha Rufaa

Shangazi mshauri, shikamoo. Nisaidie mwanao, nimedhalilishwa mbele za watu na moyo haujatulia mpaka leo. Mimi ni fundi cherehani, mke wangu ana mimba ya miezi saba, ya kwanza, na tangu mwezi jana amenawiri ajabu, gauni lake nimelitanua mara tatu ndani ya wiki mbili, kifundo cha mguu nimekipima kwa utepe wangu mwenyewe, asubuhi inchi kumi, jioni kumi na moja na nusu, hata uso umejaa, nikawa nawatambia wateja kwamba mke wa fundi anatunzwa, na dada yangu mkubwa akasema hiyo ni dalili ya mtoto wa kiume, sasa kliniki wakampima presha, wakachukua na mkojo, majibu nikayafuata mimi kesho yake kwa sababu yeye kichwa kilikuwa kinamgonga na viatu vimemkataa, muuguzi akasema presha iko juu na mkojo una protini, akanipa cheti cha rufaa nimpeleke hospitali kubwa siku ileile, mimi nikacheka kidogo, nikamwambia, "Sista, huyo amenawiri tu," akanipandishia sauti foleni nzima ikisikia, "Wewe baba, unacheka nini? Mkeo anaweza kukuangukia kwa degedege!" Nikaondoka nimenuna. Dada akaniambia hospitali kubwa wakimwona tu watampasua, na kwenye ukoo wetu hajawahi kupasuliwa mtu, basi mke wangu nikamwambia majibu ni mazuri, wamesema apumzike, cheti nikakiacha kwenye meza ya kukatia, akaja mteja ana haraka, nikaandika vipimo vya suruali yake mgongoni mwa cheti kilekile. Leo siku ya tatu anasema anaona vimulimuli na anaumwa chini ya mbavu. Naomba uniambie, yule muuguzi nimshtaki wapi? Na mke wangu nimwambie, au ninyamaze mpaka kichwa kimtulie?

Fundi Utepe

*

Fundi,

Marahaba, ingawa leo imenitoka kwa shida. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipouliza kama mkeo atapona. Sijapaona. Umeuliza muuguzi ashtakiwe wapi.

Wapo wanaume ambao hawajui, na hao nawasamehe. Wewe ulikuwa na kipimo mkononi! Suruali ya mteja ikizidi inchi moja na nusu kati ya asubuhi na jioni utasema kitambaa kibovu. Mguu wa mkeo umezidi, ukaita wateja waje kuona. Na dada yako, anayeona mtoto wa kiume kwenye kifundo cha mguu, mashine za hospitali zote ziuzwe basi, awekewe yeye kiti.

Nikueleze polepole. Miguu huvimba kwa wajawazito wengi, lakini uso kujaa, kichwa kisichoacha, vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, na juu yake presha na protini, hizo ni dalili za hatari. Njia hiyo inaishia kwenye kifafa cha mimba, kinachoua mama na mtoto kwa pamoja. Kupumzika nyumbani hakukitibu, na kunyamaza ndiyo kabisa. Eti ukoo wenu hajapasuliwa mtu! Ukoo wenu hauna mimba, Fundi. Mimba anayo mkeo.

Barua uliiacha mapokezi ya gazeti Jumatatu asubuhi, na safu hii hutoka Jumamosi. Ulitaka nikujibu ukiwa matangani? Nikapiga namba uliyoandika chini. Kumbe simu uliiacha nyumbani kwenye chaji, akapokea mkeo. Nilipomwambia kuhusu majibu akasema, "Lakini Shangazi, mume wangu amesema ni mazuri." Nikamsomea barua yako yote. Hakulia. Aliuliza tu cheti kiko wapi, kisha akamwita jirani atafute gari.

Sasa yuko wodini. Wamempa dawa ya kushusha presha, sindano ya kuzuia degedege, na nyingine ya kukomaza mapafu ya mtoto, kwa sababu ugonjwa huu dawa yake kamili ni kuzaa, na huenda ikabidi azae mapema. Kama ni kwa kupasuliwa, ataamua yeye na madaktari wake. Hajavuka bado, na mimi naogopa, sikufichi.

Nasikia juzi ulisimama mlangoni mwa wodi umenuna, ukisema nimeingilia ndoa yako. Nimeingilia, na nitaingilia tena. Leo anza kliniki, umwombe radhi yule muuguzi mbele ya foleni, kwa sauti ileile uliyochekea. Kisha nenda wodini, dada yako mwache nyumbani. Usijitetee. Uliza daktari anasema nini, na wakihitaji damu, kunja mkono wa shati.

Mkeo ameniruhusu niichapishe barua yako. Ana swali moja tu kwako, kaniomba nilifikishe lilivyo: ile suruali ya mteja, uliimaliza?