Nilifunga Anwani Aliyoikariri Abigaël

Mama Emérance mpendwa,

Sijui nianzie wapi, naomba tu unisome mpaka mwisho kabla ya kunikasirikia. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, naishi hapa Bunia tangu tulipokimbia kijiji chetu huko Djugu, na jina la kijiji utaniwia radhi sitaliandika, utaona sababu. Kabla ya vita kurudi nilikuwa nimefungua blogu ndogo, nikaipa jina la kijiji bila kufikiri mara mbili, maana nilikuwa naandika habari za kwaya, mechi za mpira, nani amefunga ndoa na nani amejifungua, basi. Tulipotawanyika blogu ikageuka kitu kingine, watu wakaanza kunitumia majina ya ndugu waliopotezana nao njiani, huyu yuko Tchomia, huyu alionekana upande wa Kilo, huyu hajulikani, nami nikawa naandika tu, na mpaka leo kuna watu kumi na wanne walioonana tena kwa njia hiyo, nawajua mmoja mmoja.

Sasa shida. Mwezi uliopita kaka yangu Fabien alisimamishwa kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, vijana wenye silaha wakachukua telefone yake, wakaona anwani ya blogu, wakamuuliza, "Ju ya nini jina ya ile kijiji iko mu telefone yako? Weye ni wa kule?" Hawakungoja jibu, walimpiga mpaka mkono ukavunjika, akarudi nyumbani hakunigombeza hata kidogo, na huo upole wake ndio ulioniumiza, alisema tu, "Lydie, badilisha ile jina, itaua mutu." Wiki hiyo hiyo nikahamisha kila kitu kwenye jina jipya ambalo halitaji kijiji wala kabila, nikawaambia wale niliowafikia, na ya zamani nikaifuta, ukiifungua sasa ni ukurasa mweupe, hakuna hata neno moja la kumwonyesha mtu tulikohamia, kwa sababu niliogopa neno hilo moja litawafikisha wale vijana kwenye orodha yetu mpya.

Ambalo sijamwambia mtu ni hili. Kwenye site, kambi ya waliokimbia, kuna mama anaitwa Alphonsine, sisi tunamwita mama Abigaël. Abigaël ni binti yake wa miaka tisa, walipotezana siku ya kukimbia, ni miezi saba sasa. Mtoto hakuwa na telefone, angeipata wapi, lakini mambo yalipoanza kuharibika mama yake alimfundisha anwani ya blogu yangu, herufi kwa herufi, hata ile nukta ya katikati, wakiosha vyombo, wakienda kuchota maji, akimwambia, "Tukipotezana, uambie mutu yeyote mwenye telefone afungue ile, aandike uko wapi, dada Lydie ataniambia." Mtoto akaijua kama anavyojua Baba Yetu. Kila Jumapili baada ya misa mama huyu ananisubiri nje ya kanisa, ananiuliza, "Dada Lydie, hakuna mutu ameandika?" nami namjibu, "Bado, mama," naye anasema, "Sawa, Mungu iko, tutaonana dimanche," anaondoka zake. Jumapili tatu sasa namjibu bado, na najua kwamba hata kama mtu angetaka kuandika asingepata pa kuandikia.

Jina la zamani, ile anwani ninayoilipia kila mwaka, linaisha mwisho wa mwezi huu, nisipoliandikisha upya linapotea. Nikifikiri kulirudisha naona mkono wa Fabien, nikifikiri kuliacha namwona yule mtoto amesimama mbele ya mtu asiyemjua, anataja herufi zake, na mtu anamwambia hapa hakuna kitu. Naogopa Jumapili kama wengine wanavyoogopa risasi. Mama, niliache jina life au nilirudishe?

Lydie, Bunia

*

Lydie binti yangu,

Pole. Pole kwa kijiji, pole kwa mkono wa Fabien. Kuhamisha blogu hukukosea, jina linalovunja watu mikono halifai kukaa kwenye telefone zao, na hata hapa umefanya vizuri kulificha. Hayo ndiyo maneno yangu matamu, yamekwisha.

Unaniuliza habari za jina. Habari za jina Honoré, fundi wa kompyuta wa gazeti hili, alizimaliza kabla chai yake haijapoa. Kinachokushinda wewe ni uso wa mama Abigaël. Jumapili ya kwanza ulisema "bado" kwa kushtuka, nakuelewa. Ya pili na ya tatu ulikuwa unajitunza mwenyewe. Yule mama anatembea kutoka site mpaka kanisani, anakuuliza swali moja tu, na wewe unamrudisha na uongo. Ungekuwa karibu ningekuvuta sikio.

Sikiliza basi. Liandikishe upya jina la zamani leo, usingoje mwisho wa mwezi. Umefikiria nani atalichukua ukiliacha? Honoré anasema mtu yeyote anaweza, tapeli, au hata mmoja wa wale wa kwenye barrière. Siku mtoto atakapotaja herufi zake, huyo ndiye atakayemjibu, "Mama yako iko huku, kuya," naye mtoto atakwenda. Niliposikia hivyo mimi mwenyewe niliogopa, na siogopi haraka.

Ukishaliandikisha, blogu ya zamani usiirudishe. Weka ukurasa mmoja mtupu, bila jina la kijiji, bila orodha, bila picha, bila njia ya kwenda kwenye blogu mpya. Andika hivi tu: kama uko na mtoto anayetafuta watu wake, piga namba hii. Namba isiwe yako wala ya Fabien, weka ya gazeti, Honoré amekubali kuipokea. Atakayepiga tutamwomba ampe mtoto telefone, na mama Abigaël atatuachia swali ambalo binti yake peke yake anaweza kulijibu. Watu wazima wote watumie jina jipya, na la zamani walifute kwenye telefone, uwafuate mmoja mmoja mpaka uone wamefuta. La zamani libaki kwa wanaolibeba kichwani, maana hakuna barrière inayopekua kichwa cha mtoto.

Kuna jambo jingine hukuniuliza kwa sababu hukulijua. Honoré anasema ulifuta kurasa tu, na kule blogu ilikokaa mashine bado inaandika kila anayejaribu kuifungua, siku na saa, na mara nyingine hata mji. Waombe wenye mashine hiyo orodha ya wiki hizi tatu. Usiisome peke yako, isome mama Abigaël akiwa amekaa kando yako. Inawezekana hakuna aliyebisha hodi. Inawezekana yuko. Vyovyote itakavyokuwa, usimfiche tena.

Sasa hili litakuudhi. Gazeti linatoka Ijumaa. Majina yenu nimeyabadilisha, lakini mama aliyemfundisha mwanawe anwani wakiosha vyombo atajitambua hata akisomewa na jirani. Kwa hiyo jibu hili nimempa Honoré akuletee mkononi Jumanne, una siku tatu. Naichapisha barua yako nikiamini kwamba mama huyo ameshayasikia yote haya kutoka kinywani mwako. Kama unanisoma hapa gazetini na bado hujamwendea, weka gazeti chini, uende.

Mama Emérance