Jiko Lililomkataa Mama

Mpendwa Bi Trijntje,

Mimi si mtu wa kuandikia magazeti, na barua hii nimeifuta mara mbili, lakini nina jambo ambalo siwezi kumwambia dada yangu wala mama yangu, na ikifika Alhamisi ya wiki ijayo kulisema hakutakuwa na maana tena, kwa hiyo nakuomba unisikilize wewe, kisha unigombeze ukitaka.

Mama yangu, Hillechien, ana miaka themanini na moja na anaishi peke yake kwenye nyumba ya kupanga katika kijiji chetu hapa mkoani Drenthe, na tangu nimjue amekula chakula cha moto saa sita mchana, viazi, mboga na kipande cha nyama, na sahani moja ilikuwa ikifunikwa na kupelekwa kwa jirani yetu Berend tangu mkewe alipofariki, kwa sababu kwetu jirani wa mlango wa pili ni jukumu lako utake usitake. Mwaka jana Mama aliacha gesi wazi mara mbili. Mara ya pili dada yangu Roelien aliingia akakuta jikoni kunanuka, akanipigia simu akilia, na tukakubaliana kwamba gesi iondoke.

Mimi ndiye niliyeleta jiko la umeme la induksheni, lile bapa la kubebeka, unaliweka juu ya meza na kulichomeka ukutani, nililinunua kwa mtu likiwa limetumika kidogo na halikuwa hata na kitabu cha maelezo, lakini nikaona kuna haja gani ya kitabu, nyumbani kwangu ninalo kama hilo. Nikamfundisha Mama: hapa kuwasha, hapa kuongeza, hapa kupunguza. Nilishika sufuria iliyokuwa karibu, ile ndogo ya enameli ya kuchemshia maziwa, na maziwa yakafura kabla sijamaliza kueleza. Mama akapiga makofi.

"Loo! Hili lina haraka kuliko marehemu baba yako!"

Siku tatu baadaye akanipigia simu.

"Harm, jiko lako halinitaki."

"Umebonyeza wapi, Mama?"

"Pale uliponionesha."

"Hebu bonyeza tena." Nikasikia pii, pii, pii.

"Umesikia? Linanizomea."

Nikacheka, Bi Trijntje. Nilicheka kweli, nikamwambia atazoea. Roelien alipokwenda Jumatano alimpashia supu kwenye ile ile sufuria ya enameli, jiko likawaka vizuri, akamwambia, "Mama, ona, ni kubonyeza tu, hata wajukuu wanaweza," na Mama akajibu, "Kwako linatii." Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, tukiwapo sisi jiko linawaka, akibaki peke yake na viazi vyake linapiga kelele na kuzimika, mpaka akaacha kujaribu. Alianza kula mkate asubuhi, mkate mchana na mkate jioni. Berend ndiye akawa anamletea yeye chakula, tena anamsemesha kwa sauti kubwa na polepole, kama tunavyowasemesha watalii, na wanawake anaocheza nao karata wakaanza kumhesabia pointi bila kumuuliza. Mama hakulalamika. Alianza tu kuandika majina yetu nyuma ya picha za ukutani, ili siku asipotukumbuka asome.

Halafu akaja afisa wa kutathmini wazee, mama mmoja mpole sana, sina neno baya juu yake. Akasema, "Bibi, nioneshe unavyopika viazi, kama siku zote." Mama akamenya viazi sita, ganda jembamba lisilokatika, akaosha, akatia maji mpaka yakafunika, akatia chumvi, akaweka sufuria yake kubwa juu ya jiko na kubonyeza. Pii, pii, pii. Akabonyeza tena. Akainua sufuria, akairudisha, akabonyeza kwa kidole kingine. Kisha akaifuta mikono kwenye aproni ingawa ilikuwa mikavu, akasema, "Samahani, bibie. Zamani nilikuwa naweza." Yule afisa akaandika. Tulipofika kwenye gari Roelien akaniambia, "Umeona mwenyewe," nami nikasema nimeona. Jioni ile ile Mama akatuambia, "Kama siwezi hata kuchemsha viazi, nitafutieni chumba," na tangu hapo hakuna aliyembembeleza wala kumlazimisha, alikubali mwenyewe, na chumba kimepatikana kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko mjini, barua ya kuachia nyumba imeshakwenda, na siku ya kuhama ni hiyo Alhamisi.

Sasa sikiliza. Jumapili iliyopita nilikwenda kumsaidia kufunga vitu, nikawaza kwamba amepika viazi jikoni mle kwa miaka hamsini na mbili na ataondoka akiwa amekula mkate, basi nikasema nitavipika mimi, na kwa sababu ile sufuria ya enameli ilikuwa imeshafungwa kwenye boksi nikachukua ile kubwa ya alumini aliyopewa siku ya harusi yake, yenye kitako kinene, anayopikia viazi maisha yake yote. Nikabonyeza. Pii, pii, pii. Nikabonyeza tena.

Nilitoa sumaku inayoshikilia kalenda ya siku za kuzoa taka kwenye mlango wa friji nikaiweka kwenye kitako cha ile sufuria, ikaanguka chini. Nikafungua boksi nikaiweka kwenye ile ya enameli, ikang'ang'ania. Jiko lile linapasha moto sufuria inayoshikwa na sumaku tu, Bi Trijntje, alumini halioni kabisa, na mimi najua hilo, kila mtu analijua, ila nyumbani kwangu nilinunua jiko na sufuria siku moja na sikulifikiria tena. Isitoshe kazi yangu ni kukagua lifti. Nikifika mahali lifti imekataa, simuulizi mpandaji kama akili zake ziko sawa.

Mama akaita kutoka sebuleni, "Harm, hiyo kelele ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

Akaja hadi mlangoni, akanikuta nimesimama na sufuria mkononi, akanishika mkono.

"Na wewe tayari? Maskini mwanangu, mbona mapema hivi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nikamwambia nimechoka tu, tukakaa, tukala mkate.

Ninajua kwa nini nilinyamaza na nitakueleza, maana nisipokueleza wewe sitamweleza mtu. Wiki hizi tangu chumba kipatikane nimekuwa na amani. Simu ikilia mchana sishtuki. Roelien ana mgongo mbovu na kazi ya kutwa, amesubiri chumba hiki miezi mingi, nikisema sasa ataniuliza nani alinunua jiko lile. Tena gesi aliiacha wazi kweli, hilo si jiko lililosema. Labda kule atakuwa salama zaidi. Je, ni vibaya sana nikinyamaza, akahama kwa amani, mambo yakaisha?

Mwana wa Hillechien, Drenthe

*

Harm,

(Hilo si jina lako, na mama yako haitwi Hillechien; majina nimeyabadilisha kwa ajili ya gazeti. Wasomaji wa Drenthe, acheni kuhesabu jirani zenu.)

Nakuandikia jibu hili leo Jumatano, siku nane kabla ya hiyo Alhamisi, moja kwa moja kwenye barua-pepe yako, kwa sababu gazeti lina zamu zake na mama yako hana muda wa kusubiri zamu.

Kwanza pole. Pole kweli, si ya mdomoni. Umekuwa ukiendesha gari kila Jumapili, ukishtuka kila simu ikilia, na mtu aliyeshtuka namna hiyo kwa mwaka mzima akipata nafasi ya kupumua anaivuta yote. Kufurahia amani si kosa. Mimi mwenyewe nililala saa kumi na nne mfululizo siku baba yangu alipopata kitanda kwenye nyumba ya wazee, na sikuona haya. Tena hukuficha kitu kwa miezi yote hiyo, ulikuwa hujui. Mlikuwa watu wazima wawili na afisa mmoja, mnatazama jiko likipiga kelele, na hakuna aliyeinama kutazama sufuria. Hilo ni la kuchekesha, na siku moja mtacheka, ila si wiki hii.

Lakini tangu Jumapili unajua, bwana mkubwa. Hapo hesabu imebadilika. Unaniuliza kama ni vibaya akihama kwa amani. Amani gani? Mwanamke anayeandika majina ya watoto wake nyuma ya picha hana amani, ana hofu, tena anaibeba kwa adabu ili asiwasumbue. Unasema alikubali mwenyewe. Alikubali kwa ushahidi wa uongo, na wewe ndiye uliye na ushahidi wa kweli. Alipokushika mkono pale mlangoni alikuwa anakuhurumia wewe kwa ugonjwa ambao huna, na ambao yeye mwenyewe labda hana. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilivua miwani nikatoka nje kidogo.

Sasa nisikilize vizuri, sisemi abaki. Sijui. Gesi aliiacha wazi, mara mbili, na hiyo si ndogo. Huenda anasahau kweli. Huenda chumba kile ndicho kinachomfaa. Hilo litaamuliwa na daktari wake kwa kipimo cha kumbukumbu kinachostahili jina hilo, na kisha na yeye mwenyewe, siyo na jiko la mitumba na mtoto wake mwenye haya.

Kesho omba ruhusa kazini. Lifti zitapanda na kushuka bila wewe. Pita dukani ununue sufuria moja nzito, ukubwa ule ule wa ile ya alumini, na uipime kwa sumaku hapo hapo dukani kabla hujalipa, maana kwa historia yako sikuamini. Fika kwake kabla ya saa sita. Usimkalishe sebuleni kumtolea hotuba, wanaume mnapenda hotuba mkikosea. Mpeleke jikoni. Weka sufuria ya alumini, ubonyeze, mwache alisikie likikupigia kelele wewe. Weka mpya, ubonyeze. Halafu mpe sumaku mkononi ajaribu mwenyewe, sufuria moja baada ya nyingine, mpaka achoke.

Kisha mwambie lile gumu: "Nimejua tangu Jumapili, nikanyamaza." Hilo usiliruke. Ukiliruka, utakuwa umempelekea sufuria tu. Akikasirika, kaa ukasirikiwe. Usijitetee kwa mgongo wa Roelien.

Roelien mpigie baadaye siku hiyo hiyo, na umwambie aliyenunua jiko ni wewe kabla hajauliza. Atapiga kelele, kisha atalia, maana yeye ndiye aliyemwambia mama yake kwamba hata wajukuu wanaweza, na neno hilo litamchoma kuliko utakavyochomwa wewe. Mvumilie. Baada ya hapo pigieni simu wenye nyumba muombe barua ya kuachia isimamishwe, na kule mjini muombe wawashikie chumba kwa wiki mbili. Wakikataa, mama aambiwe kwamba wamekataa. Kila kitu aambiwe yeye kwanza.

Na nenda kwa Berend. Mwambie kwamba mama yako haongei na watu polepole, kwa hiyo naye asisemeshwe polepole. Kijiji kimemnyang'anya heshima yake kwa sababu ya kelele za jiko, na anayepaswa kwenda kuirudisha mlango kwa mlango ni wewe.

Akishajua yote akasema bado anataka kuhama, funga maboksi na umbebee, tena bila kuguna. Akisema anabaki, utarudi kushtuka simu ikilia, na mtatafuta namna ya kugawana mzigo huo wewe na dada yako kama watu wazima. Sikuahidi kwamba itakuwa rahisi. Lakini mtu akiondoka nyumbani kwake aondoke kwa sababu za kweli.

Jibu hili sitalitoa gazetini mpaka unipigie kuniambia kwamba mama yako ameambiwa. Hata miezi sita nitasubiri, ila sitegemei kusubiri hivyo.

Trijntje

*

Harm alinipigia Ijumaa. Kelele nilizozitabiri zilitoka kwa dada yake, na bado zinaendelea. Chumba kimeshikwa kwa wiki mbili, na daktari atamwona mama Jumanne. Kuhusu kuhama hajaamua, na amewataka wanawe wote wawili waache kumuuliza.

Nilimuuliza Harm mama yake alisema nini pale jikoni. Akanijibu kwamba hakumgombeza hata kidogo. Aliijaribu sumaku kwenye kila sufuria ndani ya nyumba, akaketi kwenye kiti cha jikoni akiwa bado ameishika. Kisha akasema, "Miezi saba nimekuwa najiaga mwenyewe, Harm. Kumbe ni sufuria."