Bwawa Lenye Jina Langu

Jumatatu, 2 Novemba 2009

Mkuu wa chuo, Bw. Pruett, kaniita ofisini. Kahawa, tabasamu, mkono begani. Habari njema: bwawa litapewa jina langu! Ya pili kaitoa huku akitazama dirishani — Januari bwawa litafukiwa. Maegesho ya magari. Polo ya majini, ule mpira wa magoli tunaochezea ndani ya maji, basi; kuogelea basi.

Nikamwuliza, sasa hilo jina mtalibandika wapi? Akasema kutakuwa na kibao.

Maisha yangu yote ya kazi yamo kwenye maji yale. Mataji mpaka kabati halifungi. Nikasema asante — asante! — nikatoka.

Jumatano, 4 Novemba

Nimewaambia wasichana wa timu yangu ya polo. Marisela, kipa wetu na nahodha, akasema: "Poa. Si fainali inachezwa hapa hapa? Tunashinda, tunakutupa humo, ndiyo wafukie. Watafukia maji yenye jasho lako, Kocha." Wakacheka, wengine huku wanajifuta macho.

Desturi ni ile ile. Tukitwaa taji, nahodha anakuja mbele yangu na kusema, "Kocha, vua saa." Kisha nabebwa mzobemzobe, viatu na vyote, chubwi! Na mimi nina mwiko wangu: bwawa lile siingii ila kwa kutupwa. Kwa hiari yangu sijawahi kutia hata kidole; hata kuogelea nafundishia ukingoni. Mke wangu Lurdes anasema huo ni upuuzi wa mtu aliyekulia zizini kwa ng'ombe wa baba yake, kwenye miiko kila kona. Huenda.

Lakini nataka kutupwa mara moja tena. Nataka mpaka naona aibu.

Ijumaa, 6 Novemba

Kikao cha bodi. Nikapewa nafasi ya kusema, nikasema vibaya. Mama mmoja wa bodi akasimama, analia: eti mwanawe nilimfundisha mimi kuogelea, hatanisahau. Akaketi, akapiga kura ya kufukia.

Sikio la kufa halisikii dawa. Nimerudi nyumbani, Lurdes kaniwekea supu. Sikuila.

Alhamisi, 12 Novemba

Ukungu mzito, wa kukata kwa kisu. Mazoezini, kutoka benchi, sikuliona goli la mbali. Nasikia tu sauti ya mpira na Marisela akiwafokea mabeki: "Amka, dada, hapa si spa!" Bega linamuuma, anaficha. Nami najifanya sioni, maana kipa mwingine sina.

Jumamosi, 14 Novemba

Naandika garini. Ndiyo — fainali inachezwa nyuma ya ukuta huu, na mimi niko kwenye maegesho!

Tulikuwa sare, robo ya tatu. Mshambuliaji wetu Tess kazamishwa mbele ya macho ya watu wote, halafu mwamuzi anamtoa yeye. Nikavuka mstari wa kocha. Nikasema neno ambalo marehemu mama angenisugulia mdomo kwa sabuni. Kadi nyekundu. Sheria inajulikana: ukitolewa, usionekane, usipeleke hata ishara. Nikamwambia msaidizi wangu Denise, "Timu yako sasa." Akaniambia, "Mzee wewe, leo? Leo kweli?"

Hasira hasara. Mechi ya mwisho, na nimejifukia mwenyewe kabla ya bwawa.

Filimbi. Kelele. Za nani? Upande huu wa ukuta kelele zote ni sawa. Nimeshika usukani kana kwamba naenda mahali.

Filimbi ndefu. Imekwisha. Ee Mungu.

Kishindo cha maji! Kuna kocha katupwa. Kama ni Denise, tumeshinda. Kama si yeye —

Geti limefunguka. Wanakuja wasichana wote, peku, kofia bado kichwani, wanachuruzika maji kwenye baridi hii. Hawakimbii. Hakuna anayeimba. Denise yuko nyuma yao.

Denise ni mkavu. Hata nywele. Aliyetupwa ni kocha wa wapinzani; nyimbo zao nazisikia ng'ambo ya ukuta.

Basi. Nimewakosesha hata taji. Nitawaambia nini? Laiti ningewasha gari niondoke, lakini wamelizunguka, huku na huku. Marisela macho mekundu, mkono mmoja kaukumbatia kifuani. Kwa ule mwingine anagonga kioo.

"Kocha," anasema. "Vua saa."