Leseni za Chumba cha Kompyuta

Mdogo wangu Athumani,

Kwa miaka kumi na moja nimekuficha sababu ya kompyuta za chuo kukataa kufunguka. Shikamoo yako ya Ijumaa niliipokea kwenye simu, nikaitikia marahaba, kisha nikaagiza karatasi na kalamu. Hujambo? Mguu wa shemeji umepoa? Mimi hapa Maskati figo zimechoka. Mwanangu Rukia ndiye anayeninywesha uji. Daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi, nami nimemwelewa.

Unakikumbuka chumba chetu pale chuoni Raskazone: visanduku thelathini visivyohifadhi kitu ila leseni, yaani kibali cha kufunguka, vyote vikitegemea seva moja, kompyuta mama. Mimi mkuu wa chumba, niliyeisimika seva, wewe fundi. Asubuhi ya mtihani kila kioo kiliandika kwamba hakuna leseni. Ulikagua nyaya, ukakagua saa ya seva, kisha ukafuta leseni ya zamani ndani ya kisanduku kimoja ili kiombe mpya. Hakikupata. Mwalimu mmoja alikuona ukifuta, na kufika adhuhuri habari ikawa umefuta zote.

Kwenye kikao cha wakuu wa chuo walikuletea Msahafu uape kwamba hukufuta zote. Ukanitazama mimi, ukasema polepole, "Siapi kwa ajili ya kompyuta. Kaka anaijua seva, muulizeni yeye."

Nikasema sijui. Kukataa kwako kuapa wakakuchukulia kuwa ndiko kukiri, ukaachishwa kazi.

Mtaani Makorora wanakuita Bwana Futa hadi leo. Nilikuwapo barazani jirani alipokupa simu yake uitengeneze: "Bwana Futa, taratibu, mna picha za harusi humo." Watu wakacheka. Nawe ukacheka. Nami nikacheka.

Msalimie shemeji, na shangazi wa Tongoni aliyetulea. Mwambie dua zake zinafika. Barua hii isomwe barazani, jirani naye awepo. Nakuomba radhi, ukiweza.

Sasa lenyewe, na ni mimi kaka yako Mbaraka ninayeliandika kwa mkono wangu. Seva niliisimika kwa leseni ya muda, ya siku mia na ishirini. Za kudumu zilikuwa ndani ya bahasha, kwenye dawati langu. Kila asubuhi onyo lilinitokea kiooni likihesabu siku zilizobaki, nami nikilifunga, hadi zikaisha asubuhi ile ya mtihani. Sikujua namna ya kuziingiza zile leseni za kudumu, na niliona haya kukuuliza wewe, mdogo wangu.