Jiko ya Mugongoni mwa Kamyoneti

Katana, siku ya Mungu

Mudogo wangu Furaha,

Jambo kwako na kwa watoto wote wa Kadutu. Tuko hapa kando ya ziwa na gari mupya ya bwana yangu, kamyoneti yenye kanyumba mugongoni. Ndani iko kitanda, meza, na kajiko ka gazi. Mvua inanyesha tangu asubuhi, lakini si mvua yenye inaniuzi.

Unamujua bwana yangu. Miaka kumi na ine ya ndoa, hata mahali chumvi yetu inakaa hajui. Anasemaka jikoni si fasi ya mwanaume. Leo amefunga kitenge changu kiunoni, amekaanga sambaza, tusamaki twa ziwa, amesonga bugali, na watoto wanamupigia makofi. Kajiko anakapangusa na shemizi yake, ile shati ya misa. Nilipotaka kukamata mwiko, akasema polepole, "Maman Aline, wewe kaa. Utakachafua."

Wamama wa hapa walikuja kuangalia nyumba yenye kutembea, wakajaa mulangoni na miavuli yao. Akawagawia sambaza. Wakala, wakamusifu. Kisha mumoja muzee akanigeukia na huruma ya kweli: "Na wewe, mama, kwenu hawakukufundishaka kupika?"

Nilikata tonge ya bugali, nikala. Kibaya zaidi, bugali yake ilikuwa muzuri kuliko yangu.

Mungu awachunge. Ukipita kwangu, unipangusie ile mbabula yangu, jiko ya makaa, na yenyewe ipate mutu wa kuipenda.

Dada yako, Maman Aline