Kichwa cha Kavachan kwenye Bango la Harusi

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa kijana wa watu asiye na kosa atapelekwa hekaluni kwa Karuppasamy, mungu asiyemwacha mwongo, kuzima kafuri inayowaka kwa kiganja chake na kuapa kwamba hakumkata kichwa Kavachan, na aliyemkata kichwa Kavachan ni mimi.

Mume wangu Chelladurai ni fundi wa makufuli hapa Dindigul, mtu mwema, hanywi, hapigi, ila ana ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo ni sinema. Ni mwenyekiti wa chama cha mashabiki wa Kavachan, yule shujaa wa filamu anayevaa deraya ya shaba na kusimamisha treni kwa kifua, na miaka ishirini na minne nimevumilia, nimevumilia picha yake ukutani pamoja na miungu, nimevumilia maziwa ya watoto kwenda kumwagiwa sanamu yake ya mbao nje ya jumba la sinema kila filamu mpya inapotoka, nimevumilia hata pale mume wangu alipofunga kula siku tatu kwa sababu Kavachan amevunjika mguu, na mguu wenyewe ulivunjika ndani ya filamu.

Sasa binti yetu Kayalvizhi amepata mchumba, Elango, mwalimu wa hesabu, kijana mpole, na harusi imebakiza wiki mbili. Kumbe baba yake Elango, mzee Sooriyamoorthy mwenye hoteli ya biriani, naye anaumwa ugonjwa uleule, ila yeye ni wa Puyalan, yule anayepuliza kimbunga kwa mdomo, na hapa kwetu watu wa Kavachan na watu wa Puyalan hawakai benchi moja. Siku ya posa wazee hawa wawili walikubaliana, vikombe vya chai mkononi, kwamba mambo ya sinema yasiingie kwenye harusi ya watoto, wakapeana mikono, nami nikashusha pumzi.

Lakini mshauri, unajua kwetu harusi bila bango barabarani si harusi, basi Chelladurai akaenda kwa mchapaji peke yake, akakataa nifuatane naye, na bango liliposimamishwa mbele ya nyumba, futi ishirini kwenda juu, nilimtafuta mwanangu nikamkosa. Kavachan kajaa bango zima, kanyoosha mikono kama anabariki, na Kayal na Elango wako chini kwenye kiatu chake, wadogo kama picha za kitambulisho. Nikamwambia, "Baba Kayal, hapa anayeolewa ni nani?" Akasema, "Wewe hujui mambo, Mama Kayal. Bila Kavachan nani atasimama asome?" Nikamuuliza, "Na mzee Sooriyamoorthy akipita?" Akanijibu, "Apite kafumba macho."

Kesho yake ilikuwa siku ya kwanza ya filamu mpya, wanaume wa mtaa mzima wakaenda sinema asubuhi na maziwa na ngoma, mimi nikabaki uani nasafisha samaki, nikainua macho nikaona Kavachan ananicheka. Sijui ni nini kilinipata, nikachukua ngazi ya jirani, nikapanda na kisu kilekile cha samaki, nikamkata kuanzia shingoni, nilikusudia kumtoa mzima lakini turubai ni gumu na mkono ukachoka. Kichwa nimefunikia kuni.

Chelladurai aliporudi hakula, akasema ni watu wa Puyalan, na jirani naye, mdomo wake hauna breki, akasema asubuhi ile aliona pikipiki ya Elango mlangoni, na ni kweli alipita, alileta kadi. Mume wangu akatamka mbele ya chama kizima, "Akazime kafuri kwa Karuppasamy ndipo nitaamini." Mzee Sooriyamoorthy akaleta jibu: "Mwanangu akiapishwa kama mwizi wa kuku, harusi hakuna. Kavachan mwenyewe aje amwoe huyo binti yenu." Elango akaja hapa nyumbani, akakaa kwenye mkeka, akasema, "Mama, mimi nitaenda kuapa tu, sina hatia, nitazungumza na baba, tuyamalize." Nami nikamkaribisha chai.

Nikisema, nitakuwa kichekesho cha Dindigul nzima na mume wangu hataniangalia tena, nikinyamaza, ama harusi ivunjike ama Karuppasamy aanze kumtafuta mwenye kosa. Je, nikimpelekea jogoo kimyakimya kabla ya Ijumaa, hatanyamaza?

Mimi Mama Kayal, nimechoka.

* * *

Mama, kwanza ujue kwamba majina ya watu wote nimeyabadilisha kabla ya kukusoma hewani, maana uliniandikia kila kitu, na mtaa, na rangi ya geti. Anayetaka kuficha haandiki hivyo. Umeshaamua kusema, unatafuta tu mtu wa kukusukuma. Haya, nakusukuma.

Pole nakupa, na unaistahili. Kuishi na mwanamume anayeshinda na njaa kwa mguu uliovunjika kwenye filamu si kazi ndogo, na pale kwenye ngazi nilicheka mpaka fundi mitambo akagonga kioo cha studio. Mumeo alipeana mkono na mwenzake halafu akavunja ahadi hata chai haijapoa. Wazee wawili wenye mvi wanagombania shujaa wa nani anaruka juu zaidi, na hakuna kati yao anayepanda ghorofa moja bila kupumzika. Lakini hao hawakuniandikia. Umeniandikia wewe.

Na wewe mama umenichosha. Jogoo? Karuppasamy anaogopwa na wezi wa ng'ombe wilaya nzima, halafu wewe unataka kumhonga kitoweo? Jogoo huyo mpikie mumeo siku utakayomwambia, atakuwa na njaa. Kisu sikulaumu sana, bango ni turubai, litachapwa lingine. Ninachokulaumu ni ile chai. Kijana wa watu amekaa kwenye mkeka wako, anasema atatia mkono kwenye moto ili aoane na binti yako kwa amani, na wewe ukainuka kwenda kuchemsha maji. Hao wa kwenye sinema wanalipwa kusimamisha treni, tena treni ya mbao. Huyu hakulipwa na mtu.

Sasa sikiliza. Usianze kwa mumeo, anza kwa Kayal. Katika barua yako ndefu kila mtu amesema, mpaka jirani, ila bi harusi hajasema neno, na sioni mahali ulipomuuliza. Ukishamwambia, mwende wote wawili kwa baba yake kesho asubuhi kabla hajafungua karakana. Msimwambie mbele ya chama, mbele ya chama mwanamume hana masikio. Mwambie: ni mimi nilimkata, nilimtafuta mwanangu kwenye bango nikamkosa. Usilie, na usitaje maziwa ya miaka ishirini na minne. Akipiga kelele, apige. Akinuna, anune, atajua mwenyewe njaa ikimshika.

Kesho hiyohiyo mwende hotelini kwa mkwe wenu, na mzungumzaji uwe wewe. Umwombe Elango radhi mbele ya baba yake. Mzee atacheka, naujua ugonjwa ule. Kusikia Kavachan kachinjwa na mke wa mwenyekiti kutamtosha mwaka mzima. Mwache acheke, ila kabla hajamaliza mwambie kwamba bango jipya litakuwa na watoto wawili tu, na Puyalan naye abaki sinema.

Unaogopa kuchekwa. Utachekwa, mama, mimi mwenyewe nimeshaanza. Lakini baada ya wiki mbili Kayal anahamia nyumba ya watu, na huko naye siku moja hasira itampanda, atafanya jambo ambalo hataweza kumwambia mtu yeyote. Atakaa afikirie mama yake alifanyaje. Zima redio sasa hivi, umwite mwanao, mkae chini.