Kuimbia Migombani

Jumatatu, 6 Machi 1995
Mazoezi tena, sebuleni kwa baba yake Aswile. Hapa Kawetele ni kwake tu penye umeme na siling bodi. Kwingine mvua ikipiga bati husikii hata dramu. Kaseti yetu ya kwanza hii. Aswile gitaa, Gwakisa dramu, Juma kinanda, mimi sauti. Kila mtu katunga zake, wote tunaitikia. Wimbo wangu bado kurekodiwa. Mashine ni ya kuazima, Jumapili inarudi Mbeya.
Mzee miguu inamsumbua. Anakaa kwenye kiti chake pembeni, anasikiliza.

Jumatano, 8 Machi
Nimekuta ng'ombe uani. Mahari. Tulikubaliana na Aswile iwe baada ya kaseti! Anasema wajomba zake waliharakisha, naye hakufikiria. Nampenda, lakini mjinga. Wageni walipoondoka mama akaniita jikoni.
"Ng'ombe wameingia, mwanangu. Yule mzee ni mkweo sasa. Msionane tena. Nyumbani kwake usikanyage."
Ndivyo ilivyo kwetu.

Alhamisi, 9 Machi
Sikwenda. Nimechuma chai kwa hasira. Juma alipita: Gwakisa anataka dada yake auimbe wimbo wangu. Aswile kanyamaza. Nimelia mbele ya Juma, aibu tupu. Maneno ni yangu. Kila pumzi najua inakaa wapi.

Jumamosi, 11 Machi
Wazo la Juma: waya mrefu, maikrofoni itoke dirishani, niimbie migombani nyuma ya nyumba. Mama amekataa kabisa. Sauti nayo ni mtu, anasema, itaingia kwa mkweo kabla yako. Nimekwenda.
Nimejifunika khanga. Mvua ikaanza kwenye majani ya migomba. Dramu nilizisikia kwa mbali, nikaimba kwa kukisia. Tukarekodi mara moja tu, umeme ukakatika. Gwakisa anasema wimbo umeharibika, mvua imejaa humo. Afadhali ufutwe. Nimechoka nao wote.

Jumapili, 12 Machi
Wamebishana mpaka mashine inafungwa. Safari hii Aswile amefungua mdomo. Wimbo umebaki, na mvua yake. Mama hasemi na mimi.

Jumapili, 30 Aprili
Kaseti imefika. Kibanda kimoja Kiwira wanaipiga, watu wanatikisa vichwa. Mimi nina la kwangu.
Aswile anasema nyumbani wanaipiga kila siku. Ukifika wimbo wangu, mzee anachukua fimbo, anajikongoja hadi barazani, anakaa huko mpaka uishe. Roho iliniuma. Nikajua nimemchukiza. Nikamweleza mama, maana tumeanza kuongea tena. Amemenya ndizi zake taratibu. Anasema mzee ananiheshimu, mkwe hukaa mbali na mkwe.
Jioni nikamuuliza Aswile kama mzee huwa anafunga mlango akitoka.
Hafungi.